Bastola ya Mashindano Hugomea Kwenye Magazini

Katika mashindano ya bastola yanayoendeshwa kwa kanuni za IPSC, shirikisho la ulengaji wa vitendo lililoundwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, Jeff Cooper akiwa rais wake wa kwanza, silaha ikigoma katikati ya steji hakuna marudio. Saa haisimami. Mshindani ana dakika mbili za kuirekebisha mwenyewe, mtutu ukielekea upande salama na kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Akishindwa, steji yake inafungwa hapo hapo na alama zinahesabiwa kama zilivyo, pamoja na adhabu za shabaha ambazo hakuzifikia. Walenga shabaha wa Olimpiki, wale wa bastola ya mita 25, wana afueni: kanuni za shirikisho lao, ISSF, zinamruhusu mwamuzi kuikagua silaha, na hitilafu ikionekana si ya mlengaji, anapewa nafasi ya kurudia. Kwenye IPSC lawama yote ni ya aliyeishika bastola, hata kama kilichomponza ni kipande cha chuma kilichopinda kwa unene wa karatasi.

Tuiweke kwa hesabu. Steji ndefu haiwezi kudai zaidi ya risasi 32. Risasi zote zikiangukia eneo la A, kila moja alama 5, jumla ni 160. Alama hizo hugawanywa kwa sekunde. Aliyemaliza kwa sekunde 16 ana 10 kamili. Mwenzake aliyepiga vilevile, ila bastola ikamkwamia mara moja na kumla sekunde 3, ana 160 kwa 19, yaani 8.42. Wa kwanza huchukua alama zote za steji na wanaomfuata hupewa kwa uwiano, kwa hiyo huyu wa pili anaondoka na takriban 135. Alama 25 zimekwenda, na hakukosa shabaha hata moja. Kufidia pengo hilo kwenye steji zilizobaki anatakiwa awe bora kuliko alivyo, na hilo halipatikani kwa kutaka tu.

Mpelekee fundi bastola ya aina hii inayokwamakwama. Kabla hajashika bisibisi atauliza: ilikuwa magazini ipi? Bastola yenyewe, kwa maana ya mtutu, slaidi na vyuma vya ndani, hutengenezwa kwa vipimo vikali na haianguki chini. Magazini ni kisanduku cha bati jembamba au plastiki, kina springi ndefu ndani yake, na kila mashindano kinadondoshwa kwenye kokoto, tope au mchanga mara kadhaa, huku tukikidai kifanye kazi ya saa ya ukutani.

Tazama kinachotokea risasi moja inapolia. Slaidi, yaani kile kifuniko cha chuma kilicho juu ya mtutu, inarudi nyuma ikiwa imelivuta ganda tupu kwa kulabu. Ganda linaruka nje. Slaidi inagonga mwisho, springi yake inairudisha mbele, na ikipita juu ya magazini uso wake unalishika tako la risasi ya juu kabisa, unaisukuma ipande kipandio kidogo na kuingia chemba. Mzunguko wote huo hauchukui hata sehemu ya kumi ya sekunde. Mlengaji wa daraja la juu anaweza kuachia risasi mbili zikiachana kwa sekunde 0.15 hivi, kwa hiyo bastola lazima iwe imekwisha kumaliza kazi yake kabla kidole hakijarudi.

Magazini ina sehemu ndogo tu ya muda huo. Tangu slaidi inapolivuka tako la risasi ikielekea nyuma, hadi inapolirudia ikielekea mbele, springi lazima iwe imeinyanyua safu yote ya risasi kimo cha risasi moja na kuibana ya juu chini ya midomo, yaani kingo za juu za sanduku zilizokunjwa. Hapo ndipo penye mashindano ya kweli, mbio kati ya springi mbili: ya slaidi inayokimbia mbele na ya magazini inayosukuma juu. Ya magazini ikichelewa, slaidi inaweza kupita juu ya risasi bila kuigusa na kufunga chemba tupu, au ikaigonga katikati ya mwili badala ya takoni na kuibana ikiwa imelala mshazari. Mlengaji anasikia "ta" pale alipotarajia mlio.

Safu ya risasi nayo si nyepesi. Risasi moja ya milimita 9 ya kawaida ina uzito wa gramu 12 hivi. Ishirini na tisa, za kujaza magazini ndefu ya mashindano, zinafika gramu 348, zaidi ya nusu ya uzito wa Glock 17 isiyo na magazini. Springi inayosukuma mzigo huo imebanwa mpaka mwisho, kwa hiyo ina nguvu. Lakini mzigo ni mkubwa, msuguano ni mkubwa, na bastola yenyewe inaruka mkononi. Risasi zikibaki mbili, mzigo ni mwepesi ila springi imelegea karibu urefu wake wote. Ndiyo sababu hitilafu za magazini hupenda kujitokeza mwanzoni kabisa na mwishoni kabisa. Bastola inayokwama kwenye risasi ya kumi na mbili kati ya ishirini, kila mara, ina ugonjwa mwingine: mara nyingi ni sanduku lenye bonde ubavuni au springi inayokwaruza mahali.

Midomo ya magazini ndiyo inayoamua risasi iachiwe lini na ikiwa imeinama kiasi gani. Hapa inafaa kurudi nyuma hadi kwa mbunifu John Browning na M1911 yake, bastola iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911 na ambayo kizazi chake bado kinatawala viwanja vya mashindano. Magazini yake ya asili ilichukua risasi 7 za .45 katika safu moja. Midomo yake ilikuwa mirefu na ilipanuka taratibu kuelekea mbele, hivyo tako la risasi liliinuka polepole huku pua ikipanda kipandio, na risasi iliteleza chini ya kulabu ikiwa bado imeshikwa. Baadaye walenga shabaha wa duara, waliotumia risasi zenye pua bapa na fupi, walihitaji midomo iliyo sambamba ambayo huachia mapema na kwa ghafla. Mafundi wengine wakachanganya mitindo yote miwili. Bastola ni ileile, risasi zinakaribiana, lakini tabia ya ulishaji hubadilika kabisa kwa jinsi kipande cha bati chenye urefu wa kifundo cha kidole kilivyokunjwa.

Magazini ya Browning ilikuwa na kitu kingine ambacho mtu asiyejua anaweza kukidhania kasoro ya kiwandani. Juu ya kile kisahani kinachobeba risasi na kukaa kichwani pa springi, kulikuwa na uvimbe mdogo kama chunusi. Kazi yake ni ya risasi ya mwisho. Bastola ikiruka nyuma, risasi zilizo ndani hubaki pale zilipo kwa uzito wao, kwa hiyo ukizitazama kutoka ndani ya bastola ni kana kwamba zinakimbilia mbele. Zilizo katikati ya safu hubanwa na wenzao juu na chini. Ya mwisho haina mwenzake chini yake, na springi inayoisukuma ndiyo iko dhaifu kuliko wakati wote. Bila kizuizi inaweza kuteleza kutoka kwenye midomo kabla slaidi haijaifikia. Uvimbe ule unalizuia tako lake lisitangulie. Risasi ikitangulia, kulabu inalazimika kuruka juu ya ukingo wa ganda kwa nguvu badala ya ukingo kuteleza chini yake, na kwenye M1911 kulabu ikitendewa hivyo mara kwa mara hulegea au kuvunjika.

Kisha mashindano yakataka risasi ya nane. Ili ipatikane katika sanduku la urefu uleule, ilibidi nafasi ya springi na kisahani ipunguzwe. Vikaja visahani vya bati lililokunjwa, vilivyo bapa na visivyo na uvimbe. Baadaye kampuni ya Wilson Combat ikatoa magazini ya 47D yenye kisahani cha plastiki, na mpaka leo watu wanaiapia. Risasi moja iliongezeka. Lakini magazini nyingine za risasi nane za zama zile zilianza kutema risasi ya mwisho, na wenye bastola wakawa wanabadilisha kulabu bila kujua kwamba kinachoziua ni kisahani. Mimi naiona historia hii ndogo ya risasi ya saba na ya nane kama ufunguo wa mada nzima. Matatizo mengi ya magazini za mashindano yana asili hiyohiyo: mtu ametaka nafasi ambayo mchoraji wa mwanzo aliiacha kwa sababu.

Tamaa hiyo ikahamia kwenye safu mbili. Dieudonné Saive, Mbelgiji wa kiwanda cha FN huko Herstal, ndiye aliyebuni magazini ya safu mbili iliyoingia kwenye Browning Hi-Power ya mwaka 1935, risasi 13 ndani ya mpini ambao mkono wa kawaida unaushika. Chini risasi hupangwa kwa kupishana, kushoto na kulia. Juu safu mbili hukutana na kuwa moja, kwa sababu midomo inaachia risasi moja tu katikati. Mahali pale pa kukutania ndipo penye msuguano. Risasi mbili zinabanana kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja, na springi inapoteza sehemu ya nguvu yake kwa kuzisukuma pembeni badala ya juu. Kila anayechora magazini ya safu mbili anapigania mteremko wa kuta pale juu: ukiwa mkali mno risasi zinakabana, ukiwa wa taratibu mno unapoteza nafasi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Para-Ordnance ya Kanada ilianza kuuza fremu pana za M1911 zenye safu mbili. Miaka ya 1990 Virgil Tripp na Sandy Strayer wakaleta ubunifu wa kampuni ya STI huko Texas: fremu ya chuma juu, mpini wa plastiki chini, na magazini pana katikati. Bastola hiyo iliitwa 2011, na kampuni yenyewe tangu mwaka 2020 inajiita Staccato. Kwa ulengaji wa vitendo ilikuwa zawadi. Kifyatulio ni kilekile chepesi cha Browning, na sasa kuna risasi 20 au 21 za .40 katika magazini ya milimita 140, au 28 hadi 30 za milimita 9 katika ile ndefu ya milimita 170.

Urefu huo umetoka kwenye kanuni. Waandaaji walitaka kuweka mpaka, na waliupima kwa nje: katika daraja la Open la IPSC magazini haitakiwi kuzidi milimita 170, na chama cha Marekani, USPSA, kinapima kwa kipimo cha milimita 171.25 kwa Open na 141.25 kwa Limited. Katika daraja la Standard la IPSC bastola nzima, magazini ikiwa ndani, lazima iingie kwenye sanduku la milimita 225 kwa 150 kwa 45. Ukimwekea mtengenezaji mpaka wa nje, atakula ndani. Kitako kikachongwa chembamba. Kisahani kikafupishwa miguu. Springi ikapunguzwa koili ili ikibanwa isichukue nafasi. Kila kimoja kimetoa milimita kadhaa, na kila kimoja kilikuwa na kazi: miguu ya kisahani hukizuia kisipindukie mbele, na koili zilizopunguzwa zinamaanisha kila iliyobaki inapinda zaidi.

Kisahani kikiinama mbele, pua ya risasi inainama nacho. Badala ya kukielekea kipandio kwa juu, inakichimba kwa chini, na slaidi inaishindilia pale. Walenga shabaha wanasema risasi "imezama". Unaiona kwa urahisi baada ya kuitoa: pua ina kovu la duara, na wakati mwingine imesukumwa ndani ya ganda lake. Risasi iliyofupishwa namna hiyo isirudishwe kwenye bastola, kwa sababu baruti iliyobanwa katika nafasi ndogo hupandisha shinikizo la chemba.

Tatizo jingine la 2011 halitokani na sanduku bali na kinachowekwa ndani yake. Mwili wa bastola hii ulirithi kipimo cha .45, ambayo risasi yake kamili haizidi milimita 32.4 kwa urefu. Risasi ya .40 S&W, iliyozaliwa mwaka 1990, inakomea milimita 28.8, na ya milimita 9 inakomea 29.7. Katika sanduku la .45 risasi hizi fupi zina nafasi mbele yake. Bastola ikiruka zinasogea, na safari ya kufika chemba inakuwa ndefu. Washindani wa Standard na Limited, wanaotaka .40 kwa sababu inawafikisha kwenye kiwango cha nguvu cha "major", 170 kwa IPSC na 165 kwa USPSA, wakaanza kujitengenezea risasi ndefu zaidi ya kipimo cha kiwanda, karibu milimita 30, ili pua ianze safari ikiwa karibu na kipandio. Wanaotumia milimita 9 huwekewa bati la kujaza nafasi nyuma au mbele ndani ya sanduku. Ndiyo maana mtu mwenye 2011 anaweza kununua boksi la risasi za dukani zilizo bora kabisa, bastola ikakataa, kisha ikakubali kwa utulivu risasi za mezani kwake. Hazishindi kwa ubora. Zinashinda kwa urefu.

Hapo .38 Super inastahili kutajwa. Risasi hii ya mwaka 1929 ina urefu wa milimita 32.5, karibu sawa na .45, na kwa hiyo inakaa ndani ya M1911 kama iliyozaliwa humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 washindani Rob Leatham na Brian Enos waliitumia pamoja na kifaa cha kupunguza mruko mdomoni mwa mtutu na kuubadilisha mchezo. Ila ina kasoro ya kizamani: ukingo wa tako lake umetokeza nje ya mwili kidogo, milimita 10.3 dhidi ya 9.75. Nusu milimita inaonekana si kitu. Lakini katika magazini ya safu mbili, ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, zinashikana, na slaidi ikijaribu kuitoa ya juu inaivuta na mwenzake. Dawa iliyopatikana haikuwa ya magazini hata kidogo. Viwanda vilitengeneza ganda jipya, .38 Super Comp, ambalo ukingo wake umepunguzwa ulingane na mwili. Tangu hapo .38 inalishwa vizuri na sanduku lilelile lililokuwa likilaumiwa.

Milimita 9 ina tabia yake pia. Ganda lake si bomba lililonyooka: takoni lina milimita 9.93 na mdomoni 9.65. Ukizipanga nyingi, matako yanapanda juu kuliko pua, na safu inataka kujikunja. Katika magazini ya risasi 10 huuoni mkunjo huo. Katika ya risasi 29 mkunjo unajumlishwa, na kisahani lazima kiubebe bila kubana ukuta wa mbele wala wa nyuma.

Kuhusu springi kuna imani nyingi, na kubwa ni kwamba kuacha magazini imejaa usiku kucha kunaiua. Springi nzuri iliyobanwa ndani ya mpaka wake haichoki kwa kukaa. Inachoka kwa kubanwa na kuachiwa mara nyingi, na inachoka haraka zaidi ikiwa inapindwa kupita mpaka ambao chuma chake kinaweza kuurudia. Hivyo imani ile ina chembe ya ukweli kwa magazini ndefu za mashindano, ambazo koili zimepunguzwa na kila moja inafanya kazi karibu na mpaka. Kwa Glock ya kawaida yenye risasi 17, mtu asisumbuke. Kwa ya milimita 170, apime: springi mpya na iliyotumika msimu mzima zikilazwa mezani sambamba, tofauti ya urefu huonekana kwa jicho. Springi ni rahisi kuliko vitu vingi kwenye mchezo huu, rahisi kuliko ada ya kushiriki mashindano yenyewe, na bado watu wanaing'ang'ania kana kwamba ni urithi.

Vumbi linastahili aya yake. Baada ya mwaka 2003 wanajeshi wa Marekani nchini Iraki walilalamika kwamba bastola zao za M9, ambazo ni Beretta, zinakwama. Uchunguzi ulielekea kwenye magazini: mkataba wa jeshi ulidai zipakwe fosfeti nzito na nje na ndani, na upakaji huo una uso wa mkwaruzo. Mchanga mwembamba kama unga wa Iraki ukanasa humo na kukizuia kisahani. Zilipoletwa magazini zenye uso laini ndani, malalamiko yakapungua. Fundisho lake kwa mashindano ni kwamba uso wa ndani wa sanduku una uzito kuliko wa nje, na mafuta mengi ndani ya magazini ni adui, maana yanashika kila kinachopita. Wachezaji makini husafisha kwa brashi na kitambaa na kuacha sanduku kavu. Kenya ina ukanda wake wa IPSC, na wanaokutana uwanja wa Kirigiti, Kiambu, wanalijua hilo bila kusoma habari za Iraki: udongo mwekundu wa kule ukikauka ni poda, ukinyeshewa ni gundi, na magazini iliyodondoshwa ndani yake haifai kuingizwa tena kabla ya kufunguliwa kitako.

Kudondoka kwenyewe kunaharibu kuliko uchafu. Magazini inayotolewa ikiwa na risasi tatu nne ndani, ikaanguka kichwa chini kwenye sakafu ya saruji, inaweza kupinda mdomo mmoja kwa kiasi ambacho huwezi kukiona. Kalipa inakiona. Midomo ikijipanua, risasi inakaa juu mno na inaachiwa mapema. Ikijibana, inakaa chini na slaidi inaweza kulikosa tako. Mafundi wa 2011 hupima upana wa midomo mbele na nyuma, wakaandika, na kuirekebisha kwa koleo maalumu, sehemu ya kumi ya milimita kwa wakati mmoja. Glock ilichagua njia tofauti: plastiki iliyofunika bati ndani yake, inayopinda ikigongwa na kurudi ilivyokuwa. Ni nene, inakula nafasi ya risasi moja au mbili, na hainung'uniki. Bastola za CZ na Tanfoglio, zinazopendwa katika madaraja ya Production na Standard, hutumia masanduku ya chuma yaliyonyooka na ya bei ya wastani, mengi yakitoka Mec-Gar ya Gardone Val Trompia, Italia.

Sasa, yapo makosa ambayo magazini inasingiziwa. Ganda tupu lililosimama wima limebanwa na slaidi kwa kawaida ni habari ya kulabu, ya risasi dhaifu au ya mkono uliolegea. Slaidi inayobaki nyuma kabla risasi hazijaisha inaweza kuwa kidole gumba cha mshindani kinachogusa kizuizi. Namna ya kutofautisha ni ya kizamani na haijapata mshindani: kila magazini iandikwe namba kitakoni, na kila hitilafu iandikwe na namba yake. Tatizo likiifuata namba 4 hata ndani ya bastola ya rafiki, mwenye makosa amejulikana. Likitokea kwa namba zote, acha magazini zipumzike, angalia bastola na risasi. Nashangaa jinsi watu wanaotumia zaidi ya dola 100 kwa magazini moja ya 2011 wanavyoshindwa kutumia kalamu ya rangi. Namba 4 ikishapatikana na hatia, isirudi kwenye mkanda wa mashindano kwa kuwa "safari hii imekubali". Ihamie mazoezini, na iwekwe alama inayoonekana kwa mbali.

Katika hayo yote daraja la Production la IPSC linafurahisha kulitazama. Kanuni zake zinaruhusu risasi 15 tu ndani ya magazini, hata kama sanduku linaweza kubeba 18 au 19. Springi haifiki mwisho wa mgandamizo, kisahani kina miguu yake yote, na nafasi ile ambayo wenzao wa Open wameila bado ipo. Sitashangaa mtu akisema bastola hizi hukwama kidogo kwa sababu ni bora; mimi naiona nafasi ile tupu ndiyo inayofanya kazi.

Kuna jaribio moja ambalo wauzaji hawaliandiki kwenye boksi. Katika ulengaji wa vitendo mshindani mzoefu habadilishi magazini bastola ikiwa tupu. Anabadilisha akiwa anakimbia kutoka kituo kimoja kwenda kingine, risasi moja ikiwa bado chembani na slaidi ikiwa imefungwa. Magazini mpya inapopanda, risasi yake ya juu inakutana na tumbo la slaidi na lazima isukumwe chini milimita kadhaa ili kitasa kiishike. Sanduku lililojazwa mpaka hakuna nafasi halisukumiki. Linakaa nusu, linaonekana limeingia, na kwenye mlio wa kwanza linateremka chini kwenye vumbi. Kwa hiyo magazini ambayo tangazo linasema ni ya 29 ijazwe 29, iingizwe kwenye bastola iliyofungwa, ipigwe kitako kwa kiganja kama inavyopigwa mashindanoni, kisha ivutwe. Ikitoka, ni ya 28, na steji zipangwe kwa 28.